Maji ya Mombasa: Safari Yake Ndefu na Hesabu Isiyoandikwa

Mtu wa Mombasa afunguapo mfereji asubuhi na kuona maji yakitoka, aghalabu hafikiri yametoka wapi. Akifungua na kusikia upepo tu ukipiga mluzi ndani ya bomba, ndipo afikiripo. Na hapo humfikiria karani wa afisi ya maji, wala si kwa kumtakia heri. Mimi ni karani, ingawa si wa afisi hiyo, na nilizaliwa karibu na Voi, mahali ambapo bomba kubwa la Mombasa hupita likienda zake. Kwa hiyo nimeyajua maji haya kwa ncha zote mbili: utotoni nikiyaona yakipita, na sasa nikiyangoja yafike. Nataka kuwaeleza wasomaji safari yake, maana nimeona ya kwamba wengi wetu, wakulima na makarani vilevile, twabishana juu ya maji bila kujua yatoka wapi wala yako kiasi gani.

VILIMA VISIVYO NA MTO

Msafiri wa gari la moshi aendaye Nairobi, akisha kupita Mtito Andei na kuelekea Kibwezi, akitazama upande wake wa kushoto ataona safu ya vilima vya mviringo, vya kijani, vimepangana kama mikate juu ya sinia. Hivyo ndivyo vilima vya Chyulu. Kilele chake hufikia karibu meta 2,200 juu ya bahari. Vilifanywa na moto wa chini ya ardhi, na si zamani sana kwa hesabu ya milima: yale mawe meusi yaitwayo Shetani, yaliyo upande wa Tsavo Magharibi, yalimiminika yakiwa uji wa moto yapata katikati ya karne ya 19.

Ukungu huvifunika vilima hivi mara nyingi wakati wa alfajiri, na mvua huvinyeshea vizuri kuliko nyika iliyo chini yake. Lakini huko juu hakuna mto hata mmoja. Mgeni akiliona jambo hilo hustaajabu. Sababu yake ni kwamba majivu na mawe ya volkeno yana matundu mengi kama sifongo, na mvua ikinyesha hunywewa mara moja. Maji hayo hushuka mpaka yakutane na mwamba usioyapitisha, kisha husafiri gizani, polepole, mwendo wa makumi ya kilometa, na kutokeza tena penye chemchemi. Baadhi ya chemchemi hizo ziko Umani, karibu na Kibwezi. Kubwa kuliko zote ni za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, katika Kaunti ya Taita Taveta. Hapo maji meupe kama kioo hutoka chini ya mawe katikati ya nchi ya miiba na vumbi, na katika nyakati za kawaida hayapungui lita milioni 200 kwa siku. Mtu aweza kuwaona viboko na samaki chini ya maji kana kwamba wamo ndani ya chupa.

Wataalamu wana majina marefu ya kuuita mwamba ushikao maji namna hii. Mimi nitauita ghala, kwa kuwa kila mkulima ajua ghala ni nini. Mvua hulijaza, na chemchemi na visima hulitoa. Tofauti ni moja tu. Mkulima aweza kupanda ngazi, akachungulia na kuhesabu magunia yaliyobaki. Ghala la maji halina mlango wa kuchungulia. Mtu huweza kulitoa miaka ishirini akidhani limejaa, na siku ya kwanza kujua habari zake ni siku ile ndoo ipandapo na tope.

Tena maji ya Mzima tunayokunywa leo si mvua ya jana. Ni mvua ya miaka iliyopita, iliyonyesha wakati wengine wetu tulikuwa bado shuleni. Maana ya jambo hilo haipendezi. Tukiuharibu msitu wa Chyulu leo, kwa moto au kwa makaa, tukaizuia mvua isinywewe vizuri, mfereji wa Mombasa hautatuambia mara moja. Utawaambia watoto wetu. Mbuga ya Chyulu ilitengwa mwaka 1983, na watu wengi hufikiri ilitengwa kwa ajili ya wanyama peke yao. Ukimwuliza mtu wa Likoni kama msitu ule wamhusu, atacheka.

BOMBA LA MWAKA 1957

Wazee wa Mombasa hawakuwa na bomba. Walichimba visima katika mwamba wa matumbawe, na penye msikiti walijenga birika. Ndani ya Fort Jesus yenyewe, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, pana birika la kukingia maji ya mvua, kwa kuwa askari aliyezingirwa na adui hawezi kungoja chemchemi ya mtu mwingine. Katika robo ya kwanza ya karne ya 20 maji yaliletwa kutoka chemchemi za Marere, katika vilima vya Shimba huko Kwale. Yalitosha kwa muda. Kisha bandari ikakua, viwanda vikaja, watu wakaja kutafuta kazi, nayo Marere ikawa kama kikombe mbele ya karamu.

Ndipo likatandikwa bomba la Mzima, lililokamilika mwaka 1957. Urefu wake ni kilometa 220. Kwa kuwa Mzima iko juu na Mombasa iko pwani, maji hushuka yenyewe kwa uzito wake, yakipita Voi na Mackinnon Road, mpaka kwenye matangi ya Mazeras, na toka hapo mjini. Maji huchukuliwa chini ya mawe kabla hayajatokeza bwawani, ili viboko na wageni wasiudhike. Ilikuwa kazi ya watu waliotazama mbali. Bomba hilo lilifanywa kuleta lita milioni 35 kwa siku.

Sasa nawaomba wasomaji wachukue kalamu pamoja nami, maana hii ndiyo kazi niijuayo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1962 Mombasa ilikuwa na watu karibu 180,000. Gawanya lita milioni 35 kwa watu hao, na kila mmoja apata lita zaidi ya 190: za kunywa, kupikia, kuoga, kufulia, na akitaka, za kumwagilia maua. Katika hesabu ya mwaka 2019 Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Gawanya tena maji yale yale kwa watu hao. Kila mmoja apata lita 29, yaani mtungi mmoja na nusu. Nayo hesabu hiyo ni kama kwamba hakuna hata tone limekunywewa njiani, wala mahali pamoja panapovuja, na kila mtu aliyepita kando ya bomba lile ajua ya kuwa panavuja.

Waliotazama mbali mwaka 1957 hawakukosea. Kosa ni letu tuliokuja baada yao, tukadhani kwamba kazi ya kutazama mbali hufanywa mara moja, kama tohara.

MAJI YALE YALE MARA MBILI

Si kweli kwamba hakuna kilichofanywa tangu hapo. Upande wa kusini, visima virefu vya Tiwi hutoa maji kutoka kwenye mchanga na matumbawe kwa ajili ya Kwale na Likoni. Upande wa kaskazini, huko Baricho kando ya mto Sabaki, maji yalichukuliwa kwanza mtoni, lakini tope la mto lilikuwa adui asiyeshindika. Baadaye vilichimbwa visima virefu katika mchanga na changarawe kando ya mto, mchanga wenyewe ukawa chujio, na maji yakatoka safi. Leo Baricho, mitambo ikienda sawa, hutoa zaidi ya mara mbili ya yale ya bomba la Mzima, kwa Malindi, Kilifi na Mombasa pamoja. Ubaya wake ni kwamba maji ya Baricho hayashuki yenyewe. Sharti yasukumwe kwa umeme, na umeme hulipiwa kila mwezi. Mji ulio na kiu kwa sababu ya ukame husikitikiwa. Mji ulio na kiu kwa sababu ya deni la umeme husemwa barazani.

Lakini mto Sabaki ni mto gani? Hapa ndipo nilipopigwa na mshangao nilipoitazama ramani sawasawa. Maji ya Mzima yasiyoingia katika bomba huenda katika mto Tsavo. Tsavo hukutana na Athi, nao pamoja huitwa Galana. Galana ikikaribia bahari huitwa Sabaki. Basi wakati wa kiangazi, mito mingine ikiwa mchanga mtupu, sehemu kubwa ya maji yapitayo kando ya visima vya Baricho ni yale yale ya Chyulu, yaliyotoka Mzima. Mombasa huyanywa maji ya Chyulu kwa bomba, na huyanywa mara ya pili kwa njia ya mto.

Kwa miaka mingi yamekuwako mazungumzo juu ya bomba la pili la Mzima, kubwa mara tatu kuliko la kwanza. Nami naliunga mkono jambo la kuongeza maji. Nani asiyeunga mkono? Lakini yafaa tuulize kwanza: tukitoa zaidi kule juu, Baricho itabaki na nini mwezi wa Septemba? Wakulima wa mboga na ndizi walio kando ya mto watabaki na nini? Vilevile juu ya mto Athi linajengwa bwawa la Thwake huko Makueni, na maji machafu ya Nairobi nayo huteremkia katika mto Athi huo huo. Kaunti moja hutoa maji, ya pili huyazuia, ya tatu huyachafua, ya nne huyanywa, na kila moja ina mpango wake mzuri uliopigwa chapa kwenye karatasi nzuri. Mtu akiwa na ghala moja lenye milango minne, na kila mlango una mwenyewe na ufunguo wake, hana ghala.

Bwawa la Mwache katika Kaunti ya Kwale ni jambo lingine, kwa kuwa bonde lake si la Chyulu, na kwa sababu hiyo hasa lina thamani. Limekusudiwa kutoa lita milioni 186 kwa siku. Mpango wa maji ya pwani uliotungwa mwaka 2013, unaotazama mpaka mwaka 2035, uliliweka mbele. Lakini mto Mwache huja na tope jingi wakati wa mvua, na tope hilo si la mtu mwingine ila ni udongo wa mashamba ya wakulima wa juu, walioachwa wakilima miteremko bila matuta. Ndiyo maana kazi ya bwawa hilo imechanganywa na kazi ya kujenga vizuizi vidogo vya kukamata mchanga na kuwafundisha wakulima kupiga matuta. Mkulima wa Kinango aulizapo, "Bwawa la watu wa Mombasa lanihusu nini?", ana haki ya kuuliza. Jibu la haki ni kwamba apate maji yeye kwanza, ndipo aambiwe habari za tope.

NENO LA BABA MDOGO

Jambo hilo la haki silisemi kwa kulisoma vitabuni. Nilipokuwa mtoto, bomba la Mombasa lilipita mwendo mdogo tu toka kwetu, na mama zetu walikwenda na mitungi kuteka penye vali iliyokuwa ikivuja. Maji yaliyopotea ndiyo yaliyokuwa yetu. Siku moja fundi mwema alikuja akaitengeneza vali ile barabara, akapanda gari lake akaenda zake, na kuanzia siku hiyo mwendo wa kuteka maji ukawa saa mbili. Hakuna aliyemlaumu fundi. Alifanya kazi yake.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa mazishi, na baba yangu mdogo akaniuliza, "Huko Mombasa mwaosha magari?"

Nikamjibu, "Ndiyo, baba, wako wanaoosha."

"Kwa maji ya Mzima?"

Nikanyamaza. Akasema, "Sikukasirikii wewe, mwanangu. Nauliza tu."

Viongozi wa Taita Taveta wamedai kwa miaka mingi kwamba kaunti yao ipate sehemu ya mapato ya maji ya Mzima. Wenzangu wa afisini hawapendi kulisikia jambo hilo. Husema ya kuwa maji ni ya wananchi wote, na sheria ndivyo isemavyo. Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010 yasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Lakini baba mdogo pia ni kila mtu. Maoni yangu, nayo ni ya karani tu, ni kwamba mpango wowote wa maji wa miaka mingi usioanza kwa kumnywesha yule aliye karibu na chemchemi na yule aliye kando ya bomba utakuwa mpango wa kukatwa usiku kwa msumeno.

KISIMA CHA SHANGAZI

Bomba lisipotosha, watu huchimba. Hilo ndilo lililotokea Mombasa. Maji ya mifereji hayafiki hata nusu ya yale mji unayohitaji, na nafasi iliyobaki imejazwa na mikokoteni ya mitungi, na malori ya tangi, na visima vya nyumba kwa nyumba. Hapa twarudi kwenye ghala tena, lakini ghala hili ni dogo na jirani yake ni mbaya, maana jirani yake ni bahari.

Chini ya Mombasa na Kisauni, maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya chumvi kama vile mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wamehesabu ya kwamba, kwa kadiri, penye maji baridi yaliyosimama meta 1 juu ya usawa wa bahari, kuna meta 40 ya maji baridi chini ya usawa huo. Jambo hilo lapendeza mpaka mtu aligeuze. Ukivuta maji kwa pampu hata yakashuka nusu meta tu juu, chumvi chini hupanda meta 20. Kwa sababu hiyo visima vya pwani haviishi kwa kukauka. Huishi vikiwa vimejaa, na maji yake hayanyweki.

Shangazi yangu aliolewa Kisauni na mvuvi, ambaye sasa ni marehemu. Mumewe alichimba kisima kwa mikono katika matumbawe, na kwa miaka thelathini kilikuwa na maji matamu. Majirani walikuja kuteka kwa ajili ya chai ya harusi. Kisha jirani mmoja alichimba kisima kirefu kwa mashine, akatia pampu ya umeme, akaanza kuuza maji kwa malori. Simlaumu sana, ana watoto, na watu walitaka maji. Dalili za kwanza hazikutambuliwa na mtu. Sabuni ilikataa kutoa povu. Mbaazi zilichelewa kuiva, na shangazi akamlaumu mwenye duka. Mchicha uliungua ncha za majani. Mwishowe mjukuu wake alitema chai. Shangazi aliionja akasema, "Bahari imeingia nyumbani."

Haikuwa chumvi peke yake. Matumbawe yana mianya mingi, na kila nyumba ina choo cha shimo au shimo la maji machafu, mengine hatua chache tu toka kisimani. Kitokacho chooni hupita mianyani bila kuchujwa kama kichujwavyo katika mchanga wa Baricho. Waliopima visima vya Mombasa wameona uchafu huo mara kwa mara. Maji ya kisima cha mjini yapasa kuchemshwa au kutiwa dawa, hata yakiwa matamu kama asali.

Nilikwenda kuuliza katika afisi moja, ambayo sitaitaja, kama kisima kile cha jirani kilikuwa na kibali, na kina chake ni kiasi gani. Karani mwenzangu alinipokea vizuri, akanitolea faili. Ndani mlikuwa na fomu za visima vya mtaa ule, na kila fomu ilikuwa na safu za kuandikia: kina cha kisima, kimo cha maji siku ya kwanza, wingi wa maji kwa saa, chumvi. Katika fomu nyingi safu hizo zilikuwa tupu kama uso wa mtu aliyeulizwa deni. Jina lilikuwako, sahihi ilikuwako, na muhuri ulikuwako, tena umepigwa mara mbili. Kisima cha jirani hakikuwamo kabisa. Nilitoka nimeona haya, kwa niaba ya kabila letu la makarani.

Maana sheria haikosi kitu. Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ile iliyoifuata ya mwaka 2016, zimeweka wazi kwamba maji ya chini ya ardhi si ya mwenye kiwanja, na kwamba mtu asichimbe bila kibali cha mamlaka ihusikayo. Tena zimeruhusu watumiaji wa maji wa mahali pamoja waunde chama chao ili wasaidie kuangalia mto au mwamba wao. Ila sheria haiwezi kuhesabu magunia. Atakayehesabu ni mtu mwenye kamba na kalamu, anayerudi kila juma, mwaka baada ya mwaka, hata kama hakuna anayemwuliza.

WALIOPIMA KWALE

Mahali pamoja kazi hiyo imefanywa vema, nako ni Kwale. Katika miaka ya 1980 ulifanyika mpango wa kuweka pampu za mkono vijijini kusini mwa pwani, na huko ndiko pampu iitwayo Afridev ilikojaribiwa, ambayo wanawake wa kijiji waweza kuifungua na kuitengeneza kwa vyombo vichache. Pampu hizo ni mamia. Baadaye vilikuja viwanja vipya: uchimbaji wa madini ya mchanga na shamba kubwa la miwa, kila mmoja akihitaji maji mengi kutoka nchi ile ile. Watu wa vijiji wakaingiwa na hofu kwamba pampu zao zitakauka.

Badala ya kubishana tu, watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya pamoja na wa Oxford walikaa miaka kadhaa wakipima: mvua, kimo cha maji visimani, chumvi yake, na hata mara ngapi mpini wa pampu umesukumwa, kwa kifaa kidogo kilichotiwa ndani ya mpini na kupeleka habari kwa simu. Kampuni ya madini nayo ilijenga bwawa juu ya mto Mukurumudzi, ili visima viwe akiba tu. Uchimbaji huo ulikoma mwisho wa mwaka 2024, lakini vipimo vimebaki. Mtu wa Ukunda akisema leo maji yamepungua, aweza kujibiwa kwa tarakimu. Mtu wa Kisauni akisema hivyo, hujibiwa kwa matusi.

Basi nilimwambia shangazi habari za Kwale, nikamnunulia kitabu cha mazoezi cha kurasa 96, na kamba iliyofungwa jiwe. Tulitia fundo kwenye kamba kwa kila nusu meta. Nilimwambia apime kila Jumamosi alfajiri kabla ya pampu ya jirani kuanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nipime bamvua au maji mafu?"

Sikuelewa. Akanieleza, kama alivyofunzwa na marehemu mumewe, ya kwamba kisima kile hupanda na kushuka pamoja na bahari, na wakati wa bamvua hupanda na kushuka sana. Nikipima Jumamosi moja maji yamejaa na Jumamosi nyingine yamekupwa, nitakuwa nimepima mwezi wala si kisima. Mimi niliyekwenda shule ya misheni mpaka kidato cha nne, na kusoma taarifa nyingi za maji, sikuwa nimelifikiri jambo hilo. Tulichora safu moja zaidi kitabuni, ya bahari. Shangazi mwenyewe aliongeza nyingine ya ladha, na humo huandika moja kati ya maneno matatu: tamu, kiasi, kali.

Sasa ni miezi kumi na minne. Kimo cha maji hakijabadilika sana. Ladha ilikuwa "kali" mpaka mvua za masika, ikawa "kiasi" kwa majuma tisa, ikarudi "kali". Paa la nyumba limetiwa mfereji wa bati na tangi, na chai sasa hupikwa kwa maji ya mvua. Mwezi uliopita jirani mwenye pampu alikuja ukutani, akamwona akiteremsha kamba, akauliza anatafuta nini. Shangazi alimwonyesha kitabu. Yule bwana alikisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe alisema kwamba maji yake pia yameanza kukataliwa na wenye malori, akauliza kama katika kitabu kile kuna nafasi ya safu nyingine.

Shangazi alimchorea kwa rula. Jumamosi iliyofuata, maji mafu, kisima cha shangazi kilikuwa meta 8 na nusu toka ukingoni, na cha jirani hakikupimika, kwa sababu kifuniko cha chuma kilikuwa kimeshika kutu na hapakuwa na kamba ya kutosha. Wamemwagiza fundi.